Alama ya kulenga inapita kichwa cha adui: niweke namba gani kwenye mausi?

SWALI

Shikamooni kaka zangu wa safu hii.

Nimecheza PUBG Mobile kwa muda mrefu na kwenye simu najiamini. Sasa nimepata laptop na nimeanza Counter-Strike 2 kwa kuwa haina malipo. Huku nimekwama. Nikimwona adui nikisogeza mausi, alama ya kulenga inapitiliza mpaka ukutani. Nikiirudisha, inapitiliza upande wa pili. Mpaka nije kuituliza nimeshakufa. Saa nyingine nikigeuka kwa haraka inakuwa kinyume: mkono umekwenda mbali lakini kamera imegeuka kidogo tu, au ghafla inatazama angani.

Vifaa vyangu ni hivi. Laptop ya inchi 15.6 yenye skrini ya 1366 kwa 768, Windows 10, RAM GB 8 ya kipande kimoja, haina kadi ya grafiki ya peke yake. Mausi ni ya waya, nilinunua Sh 15,000. Ina kitufe cha DPI juu, na boksi limeandikwa 800, 1200, 1600 na 2400. Nimeiweka 2400 kwa sababu niliambiwa kubwa ndiyo ya wachezaji. Ndani ya gemu, sensitiviti (kasi ya kamera kugeuka) nimeweka 2, niliona ndiyo anayotumia mchezaji mmoja wa kulipwa. Pedi ya mausi sina, natumia meza ya fomaika nyeupe inayong'aa.

Rafiki yangu aliniambia nizime "Enhance pointer precision" kwenye Windows. Nimezima, ndani ya gemu sioni tofauti yoyote. Mwingine anasema tatizo ni bando, intaneti yangu ni ya simu. Naomba msaada: niweke namba gani? Nina Sh 40,000, nitafute mausi nyingine? Na siku nyingine huwa nacheza kwenye kibanda cha gemu mtaani, kule mausi ni tofauti kabisa, nitafanyaje?

M., Mbagala, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, mdogo wetu. Umeeleza vizuri mpaka vipimo vya skrini, na hiyo inatuwezesha kukujibu kwa namba badala ya kubahatisha. Una matatizo mawili tofauti yanayofanana kwa macho. La kupitiliza linatokana na hesabu. La kugeuka kidogo au kutazama angani linatokana na meza. Ukitaka kuyatibu yote mawili kwa kubadili sensitiviti peke yake, utazunguka mwezi mzima bila kufika.

Tuanze na hesabu. DPI ni idadi ya hatua ambazo mausi inahesabu ikisogea inchi moja, yaani sentimita 2.54. Counter-Strike 2 inapokea kila hatua na kugeuza kamera digrii 0.022, kisha inazidisha kwa sensitiviti uliyoweka. Wewe una 2400 na 2. Kila hatua inageuza digrii 0.044, na mkono ukisogea inchi moja tu kamera imegeuka digrii 105.6. Ukipiga hesabu yote, unazunguka duara zima kwa kusogeza mausi sentimita 8.7.

Sasa fikiria adui aliye mita 20 mbele yako. Kichwa chake kina upana wa kama nusu digrii. Kwa mipangilio yako, kutoka sikio moja hadi lingine ni mwendo wa milimita 0.12 mezani. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kusimama hapo kwa uhakika, hata ufanye mazoezi ya namna gani. Kwa hiyo usijilaumu kwamba huna kipaji cha kompyuta.

Na yule mchezaji wa kulipwa? Namba uliyonakili ni nusu ya habari. Wachezaji wengi wa Counter-Strike wa kiwango cha juu wanatumia DPI 400 au 800. Sensitiviti 2 kwenye DPI 400 inatoa duara zima kwa sentimita 52, na kile kichwa cha mita 20 kinakuwa na nafasi ya milimita 0.7. Ninyi wawili mna namba moja kwenye gemu, ila kamera yako inakimbia mara sita ya yake. Ndiyo maana tunasisitiza: usimnakili mtu sensitiviti bila DPI yake. Namba pekee inayofaa kulinganishwa kati ya watu, mausi na magemu ni hii ya sentimita kwa mzunguko mmoja. Nyingine zote ni njia za kuifikia.

Kwa Counter-Strike 2 kanuni ni rahisi: chukua 41,564, gawanya kwa DPI, kisha gawanya kwa sentimita unazotaka. Jibu ndilo sensitiviti ya kuandika. Gemu la Apex Legends linatumia digrii zilezile kwa kila hatua, hivyo namba ni ileile. Gemu la Valorant linageuza digrii 0.07 kwa hatua, kwa hiyo ukihamia huko unagawanya sensitiviti yako ya Counter-Strike kwa 3.18.

Kabla ya kuandika namba yoyote, hakikisha DPI yako ni ya kweli. Maandishi ya boksi kwenye mausi za bei ya chini hatuyaamini mpaka tupime, na wewe pia usiyaamini. Kupima ni kazi ya dakika tano na unahitaji rula tu.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika main.cpl, bonyeza Enter. Nenda kwenye kichupo cha "Pointer Options". Kile kipimo cha kasi kina ngazi 11. Kiweke ngazi ya sita, katikati kabisa, na "Enhance pointer precision" ibaki imezimwa. Katika hali hiyo hatua moja ya mausi ni pikseli moja ya skrini, bila kuongezwa wala kupunguzwa. Kwenye mipangilio ya skrini hakikisha "Scale" iko asilimia 100, vinginevyo hesabu itapotoka. Fungua Paint, ongeza ukubwa wa karatasi ufike upana wa pikseli 1300, na ukuzaji uwe asilimia 100. Chini kushoto Paint inaonyesha namba mbili kila unaposogeza kishale. Namba ya kwanza ni umbali kutoka ukingo wa kushoto.

Laza rula mezani, egemeza ubavu wa mausi kwenye rula, soma namba ya kwanza, sogeza kwa upole sentimita 2.54 kwenda kulia, soma tena. Tofauti ndiyo DPI yako. Ikiwa ngazi ya 800 inakupa kati ya 760 na 840, iko sawa. Rudia kama mara nne uchukue wastani, maana jicho na rula vinakosea kidogo. Kwa ngazi ya 1600 sogeza nusu, yaani sentimita 1.27, kisha zidisha kwa mbili, kwa sababu skrini yako ni fupi kwa hatua zote hizo. Ngazi ya 2400 usiipime, hutaihitaji.

Mbona tunakurudisha 800? Mausi ya bei hiyo mara nyingi ina kihisi (kile kijicho cha chini kinachosoma mwendo) ambacho uwezo wake halisi ni mdogo, na zile ngazi za juu hupatikana kwa kuzidisha hatua ndani ya mausi yenyewe. Hatua zinaongezeka, taarifa haiongezeki, na mtikisiko mdogo wa mkono unazidishwa pamoja nazo. Kwa upande mwingine usishuke 400 ukaja kuongeza sensitiviti kubwa ndani ya gemu, kwa sababu kila hatua inakuwa pana na alama ya kulenga inaruka badala ya kuteleza. 800 ni mahali pazuri pa kukaa. Kwenye mausi nzuri 1600 nayo ni sawa kabisa.

Jambo dogo linalosumbua wengi: kitufe cha DPI kiko karibu na gurudumu, na kidole hukigusa katikati ya mechi bila mwenyewe kujua. Kama taa ya mausi yako hubadilika rangi kwa kila ngazi, kariri rangi ya 800. Na baadhi ya mausi hurudi ngazi ya kiwandani kila ukichomoa waya, kwa hiyo ichunguze ya kwako kabla ya kuanza kucheza.

Sasa kuhusu "Enhance pointer precision". Rafiki yako hakukosea, ila kwa gemu hili hakukusaidia. Kipengele hicho kinafanya kishale kiende mbali zaidi mkono unapokwenda haraka, hata kama umbali wa mezani ni uleule. Kwa kulenga ni kibaya, maana mkono hauwezi kujifunza umbali unaobadilika. Lakini Counter-Strike 2 inasoma hatua za mausi moja kwa moja, hairuhusu Windows iziguse. Ndiyo sababu hukuona tofauti. Kiache kimezimwa hata hivyo, kwa sababu yapo magemu yanayopitia Windows. GTA V, kwa mfano, ina chaguo la namna ya kupokea mausi: chagua "Raw Input". Minecraft nayo ina "Raw Input" ndani ya mipangilio ya mausi: iwe imewashwa. Na popote utakapokuta maneno "Mouse Smoothing" au "Mouse Acceleration", zima.

Tuje kwenye meza, kwa sababu hapa ndipo kuna shida yako ya pili na ndiyo watu wengi hawaioni. Chini ya mausi kuna taa na kamera ndogo inayopiga picha za uso wa meza maelfu ya mara kwa sekunde na kulinganisha picha na picha ili ijue imesogea wapi. Inahitaji kuona vijichembe na nyuzinyuzi. Fomaika nyeupe inayong'aa haina cha kuonyesha: mwanga unarudi kama kwenye kioo na picha zote zinafanana. Ukienda polepole kihisi kinajitahidi. Ukienda haraka kinapotea, kinahesabu hatua chache kuliko zilizopita, au kinabuni mwelekeo. Hapo ndipo kamera inapotazama angani.

Jipime mwenyewe. Fungua gemu kwenye "Practice", simama peke yako, elekeza alama ya kulenga kwenye ukingo mwembamba wa mlango au dirisha. Weka kitu kigumu upande wa kushoto wa mausi, kitabu kizito kinatosha, ili uwe na pa kurudia. Sogeza mausi polepole kulia sentimita 20, kisha irudishe kwa kasi mpaka igonge kitabu. Ikiwa alama imerudi pale pale, kihisi kinafanya kazi. Ikiwa imeishia kabla ya kufika, kihisi kimepoteza hatua. Ikiwa imepitiliza, kuna uongezaji wa kasi mahali fulani, ndani ya gemu au ndani ya mausi yenyewe. Fanya hivyo mara tano juu ya fomaika, halafu mara tano juu ya kitambaa kisichong'aa kilichotandikwa na kubanwa vizuri, au karatasi ya kaki. Tunatarajia utaona tofauti kubwa, na utajua pesa yako iende wapi.

Baada ya hapo ndipo uchague namba. Kwa mtu anayeanza tunapendekeza sentimita 35 kwa mzunguko, kisha urekebishe kutoka hapo. Kwa DPI 800 ni sensitiviti 1.48. Ukitaka kujua majirani zake: sentimita 30 ni 1.73, sentimita 40 ni 1.30, sentimita 45 ni 1.15, na ukiweka 1 kamili unapata zile 52. Ikiwa kipimo cha Paint kilikuambia ngazi yako ya 800 kwa kweli ni 870, tumia hiyo 870 kwenye kanuni: utapata 1.36. Iandike kwenye kisanduku cha "Mouse Sensitivity" chini ya mipangilio ya kibodi na mausi. Usiburute kile kijiti, hakikupi namba kamili. "Zoom Sensitivity Multiplier" iache 1 kwa sasa. Ni ya bunduki zenye darubini na utaigusa ukishazoea.

Siku ya kwanza utahisi mausi imekuwa nzito na utashawishika kurudi kwenye 2. Usirudi. Umetoka duara la sentimita 9 kwenda 35, na kinachobadilika si namba tu, ni kiungo unachotumia. Kwa mipangilio ya zamani ulikuwa unageuka kwa vidole na kifundo cha mkono. Sasa kifundo kinafanya marekebisho madogo, na mgeuko mkubwa unatoka kwenye kiwiko. Kwa hiyo mkono wa mbele uwe umelala mezani, kiwiko kikiwa na nafasi ya kucheza, na meza isiwe juu kuliko kiwiko chako ukiwa umekaa. Ukiona bega limepanda, ongeza urefu wa kiti. Laptop isukume kushoto au igeuze kidogo, maana laptop nyingi zikikaa katikati ya meza humbakiza mchezaji na kipande cha sentimita 15 upande wa kulia, na hicho hakitoshi. Ukianza kusikia ganzi au maumivu kwenye kifundo, acha siku hiyo.

Kujua kama namba inakufaa, fanya majaribio mawili ndani ya "Practice". La kwanza: weka mausi katikati ya eneo lako, ivute mara moja hadi ukingoni. Unatakiwa ugeuke karibu nyuma kabisa, yaani digrii 180. Kwa sentimita 35 hiyo ni sentimita 17.5 kila upande, kwa hiyo unahitaji eneo la angalau sentimita 40. Ikiwa huwezi kulipata, ongeza sensitiviti mpaka nusu duara iingie kwenye nafasi uliyonayo. La pili: chagua doa ukutani, liweke chini ya alama ya kulenga, kisha tembea kulia na kushoto kwa vitufe vya A na D huku mausi ikibakiza alama juu ya doa. Alama ikibaki nyuma kila mara, sensitiviti ni ndogo. Ikitangulia na kutetemeka, ni kubwa.

Kisha cheza nayo kwa wiki nzima bila kuigusa. Tunajua ni vigumu, hasa ukipoteza mechi tatu mfululizo, lakini mkono unahitaji muda kujenga kumbukumbu, na kila ukibadili namba unaifuta. Baada ya wiki angalia makosa yako katika mechi za "Deathmatch": ile hatua ya kwanza ya mkono, kabla ya kurekebisha, inaishia wapi? Ikiwa mara nyingi inapita kichwa, punguza sensitiviti kwa asilimia 10, kutoka 1.48 kwenda 1.33. Ikiwa mara nyingi inaishia kabla, ongeza kiasi hichohicho. Lakini ikiwa inapita nusu ya mara na kupungukiwa nusu ya mara, sensitiviti iko sawa na kinachotakiwa ni mazoezi. Hapa ndipo wengi wanapopotea, wanaendelea kubadili namba wakati namba haina kosa.

Mazoezi yenyewe yawe mafupi, dakika 15 hadi 20 kabla ya mechi. Anza kwa kufuatisha kingo za milango na madirisha polepole bila kupiga risasi. Halafu piga roboti zisizotembea, polepole kwanza, usahihi kabla ya kasi. Aimlabs, programu ya mazoezi ya kulenga, inapatikana bure kwenye Steam na inakuruhusu kuchagua Counter-Strike kisha kuandika sensitiviti yako ileile, ila kwa laptop yako huenda ikawa nzito, na ramani za mazoezi ndani ya gemu lenyewe zinatosha.

Kuna tabia moja ya kuacha uliyotoka nayo kwenye simu: kutembea huku unatazama chini au ukutani, halafu adui akitokea ndipo unavuta kidole. Kwenye simu gemu hukusaidia kulenga. Kwa mausi hakuna msaada huo. Tembea huku alama ya kulenga iko usawa wa kichwa, kwenye kona ambako adui atatokea. Ukifanya hivyo marekebisho yanakuwa madogo, na tungethubutu kusema itakuletea mauaji mengi kuliko namba zote tulizoandika hapo juu.

Kuhusu bando: kugeuka kwa kamera kunafanyika ndani ya laptop yako, hakusubiri seva. Hata intaneti ikisuasua, ukisogeza mausi kamera inageuka papo hapo. Mtandao mbaya unaonekana kwa namna nyingine: adui anaruka kutoka hapa hadi pale, risasi zinapiga bila kuhesabiwa, unakufa ukiwa umeshajificha. Kwa Afrika Counter-Strike 2 ina seva Johannesburg, kwa hiyo hata siku nzuri kuna ucheleweshaji kidogo kutokana na umbali, lakini huo hausababishi alama kupitiliza.

Kinachoweza kuchelewesha mausi ni laptop yenyewe. Gemu likitoa fremu 30 kwa sekunde, kila picha inakaa milisekunde 33. Unasogeza mkono, jicho linaona mabadiliko yamechelewa, unaongeza mwendo, unapitiliza. Kwa fremu 60 ni milisekunde 17. Washa kihesabu cha fremu kwenye mipangilio ya Steam sehemu ya "In Game" uone una ngapi. Kisha zima "V-Sync", shusha ubora wote hadi chini, zima MSAA, na punguza ukubwa wa picha hadi 1280 kwa 720, au hata 1024 kwa 768. Cheza ukiwa umechomeka chaja, kwa sababu laptop ikitumia betri hupunguza nguvu. Na kwa kuwa huna kadi ya grafiki ya peke yake, picha zinatumia RAM ya kawaida. Kipande kimoja kinapitisha data nusu ya vipande viwili. Siku ukipata pesa, kama laptop yako ina nafasi ya pili ya RAM, kipande kingine cha GB 4 au 8 cha aina ileile kitakusaidia kuliko mausi ya bei ghali.

Hiyo inatuleta kwenye Sh 40,000 zako. Nunua pedi kwanza. Iwe ya kitambaa, upana wa sentimita 40 au 45, kina cha sentimita 35 au zaidi, kingo zilizoshonwa ikiwezekana ili zisifumuke, na chini iwe na mpira usioteleza. Usinunue ile ndogo ya ofisi ya sentimita 22, haitoshi sentimita 35 kwa mzunguko. Usinunue ya plastiki inayong'aa pia. Ikichafuka ioshe kwa maji na sabuni kidogo, ikauke kivulini kabisa kabla ya kuitumia. Jasho na vumbi vinaifanya isiteleze sawasawa, na wengi hudhani mausi ndiyo imeharibika.

Kisha rudia jaribio la kitabu juu ya pedi. Ikiwa alama inarudi mahali pake hata kwa kasi, mausi yako ya Sh 15,000 inatosha kwa mwaka huu na zaidi, na pesa iliyobaki iweke. Ikiwa bado inapoteza hatua, kikomo cha kihisi ndicho tatizo. Mausi nyingi za bei ya chini hushindwa mkono ukipita inchi 30 hadi 60 kwa sekunde, yaani mita 0.8 hadi 1.5. Kugeuka nusu duara kwa haraka ukiwa na sentimita 35 kunaweza kupita hapo kwa urahisi. Angalia huu mtego: kadiri unavyopunguza sensitiviti, ndivyo mkono unavyokwenda haraka zaidi na kihisi dhaifu kinavyozidi kuanguka. Basi mpaka upate mausi nyingine, kubali kati ya sentimita 25 na 28, yaani sensitiviti kati ya 2.08 na 1.86 kwa DPI 800. Bado ni mara tatu ya nafasi uliyokuwa nayo.

Ukifika wakati wa kununua, usiangalie DPI kubwa wala taa. Muulize muuzaji jina la kihisi. Akikutajia PixArt, kampuni inayotengeneza vihisi vya mausi, na namba ya modeli unayoweza kuitafuta mtandaoni, endelea. Akisema tu "hii ni ya gemu", jaribu duka lingine. Uzito uwe chini ya gramu 100. Logitech G102, yenye gramu 85, ni mfano wa mausi ya waya isiyo ghali sana na yenye kihisi cha kuaminika, ila kagua boksi vizuri kwa sababu bidhaa bandia zipo. Kiwango cha kuripoti, yaani mausi inatuma taarifa kwa kompyuta mara ngapi, cha mara 1000 kwa sekunde kinatosha kabisa. Zile za 4000 na 8000 zinaipa prosesa kazi ya ziada, na ya kwako haina nguvu ya kupoteza. Ya waya ni salama kuliko ya Bluetooth, ambayo kwa kawaida huripoti mara chache zaidi.

Kwenye kibanda cha gemu huna haja ya kujua DPI ya mausi ya watu. Nenda na rula, au kamba uliyoipima sentimita 35. Fungua "Practice", elekeza alama kwenye ukingo wa kitu, vuta mausi kulia mpaka uzunguke na kurudi kwenye ukingo uleule, pima. Ikiwa nafasi ni finyu, inua mausi katikati ya safari, irudishe kushoto, endelea, na ujumlishe sentimita. Ikiwa umepata 20 badala ya 35, zidisha sensitiviti iliyopo kwa 20 kisha gawanya kwa 35. Kama ilikuwa 2.5, weka 1.43. Pima tena kuthibitisha. Njia hii inafanya kazi hata kwenye PUBG ya kompyuta, ambayo namba zake hazifuati kanuni ya Counter-Strike. Huko pima kwanza ukiwa huna darubini, na "Vertical Sensitivity Multiplier" iache 1.00, halafu darubini za 2x, 4x na nyingine uzirekebishe moja moja kwa jaribio la doa la ukutani.

Kabla hujaondoka andika ile sensitiviti ya mwanzo uliyoikuta, uirudishe, maana kuna mwenye kiti hicho atakayekuja baada yako. Tuandikie ukishapata pedi, utuambie jaribio la kitabu limetoa nini na gemu linatoa fremu ngapi, tuone kama tubaki kwenye 35 au tusogee.